Pankeki za Ndizi Zimegoma? Tafuta Kosa kwa Dalili Yake

Pankeki ya ndizi huharibika kirahisi kuliko pankeki ya kawaida, na anayeanza kupika hujilaumu bure. Unga wa leo ni sawa na unga wa juzi, lakini ndizi ya leo si ile ya juzi. Kila siku inayokaa mezani, wanga wake unageuka sukari, nyama yake inalainika na kutoa maji. Halafu kuna suala la ukubwa. Ndizi ndogo mbili za aina ya kisukari zikipondwa hazijazi hata nusu kikombe, ilhali ndizi mbili kubwa za aina ya mtwike zinaweza kujaza kikombe kizima. Ukiambiwa tu "tia ndizi mbili", hujapewa kipimo.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta kosa lolote, ponda ndizi kwanza, kisha pima kwa kikombe. Hatua hiyo peke yake inaondoa karibu nusu ya matatizo yaliyo hapa chini.

Vipimo vya kulinganishia

Vipimo hivi vinatoa pankeki kumi hivi za ukubwa wa kiganja. Kikombe ni kile cha mililita 240 au 250.

Unga wa ngano mweupe, kikombe 1 na nusu
Beking pauda, vijiko 2 vya chai, vilivyosawazishwa kwa kisu
Chumvi, robo kijiko cha chai
Sukari, kijiko 1 cha chakula (ndizi ikiwa na madoa mengi meusi, usitie sukari kabisa)
Ndizi mbivu iliyopondwa, robo tatu ya kikombe
Yai 1
Maziwa, robo tatu ya kikombe, na robo nyingine ya akiba pembeni
Mafuta au siagi iliyoyeyushwa, vijiko 2 vya chakula
Iliki ya kusaga, ukipenda

Changanya vikavu katika bakuli kubwa. Katika bakuli jingine ponda ndizi kwa uma, tia yai, maziwa na mafuta, koroga mpaka vishikane. Mimina vya maji juu ya vikavu, koroga kwa mwiko mara kumi na mbili hadi kumi na tano, basi. Acha rojo litulie dakika tano hadi kumi, kikaango kikipata moto. Robo kikombe ya rojo inatosha pankeki moja.

Uzito wa rojo unapimwa kwa macho. Inua kijiko: rojo lidondoke kwa uvivu, na likishaanguka liache mchirizi juu ya lililobaki kwa sekunde mbili tatu kabla ya kuzama. Likimiminika kama maziwa ya uji, ni jepesi. Likining'inia kwenye kijiko na kukataa kuanguka, ongeza maziwa ya akiba kijiko kimoja kimoja. Robo ile iliwekwa pembeni kwa kazi hii, kwa hiyo usiimwage yote mara moja.

Nje zimeungua, ndani hazijaiva

Hili ndilo lalamiko la kwanza la karibu kila mtu, na chanzo chake ni moto. Ndizi mbivu imejaa sukari, na sukari hushika rangi mapema. Moto unaofaa pankeki ya kawaida huiunguza pankeki ya ndizi kabla joto halijafika katikati. Punguza moto chini ya pale unapodhani panatosha.

Jaribu kikaango kwa tone la maji kabla ya kupaka mafuta. Tone likikaa tu bila kufanya lolote, bado. Likichemka na kukauka ndani ya sekunde mbili tatu, mimina. Likijikunja kuwa kigololi na kukimbia huku na huko juu ya chuma, kikaango kimepata moto kupita kiasi. Kiepue, subiri kidogo, jaribu tena.

Kwenye jiko la mkaa, usipike mkaa ukiwa bado unawaka kwa nguvu. Ngoja ujivike majivu, utawanye ukae tambarare, kisha funga kimlango cha chini cha jiko karibu chote. Kwenye mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake tabu ni nyingine: moto unapiga katikati tu, kwa hiyo pankeki inaungua kitovu na kubaki mbichi pembeni. Hapo tumia kikaango kizito, au weka kikaango cha chuma cha chapati juu ya moto na kikaango chako juu yake, chuma cha chini kisambaze joto. Ukiwa na sufuria nyepesi ya alumini peke yake, zungusha robo mzunguko kila nusu dakika.

Sababu ya pili ni unene. Rojo zito sana linasimama kama kilima na joto halifiki ndani. Ukishamimina, lisambaze kidogo kwa mgongo wa kijiko, lisizidi unene wa kidole kidogo. Kufunika kikaango kwa dakika moja ya mwanzo kunasaidia pia, maana mvuke unaivisha upande wa juu kabla hujageuza.

Ukiona ndani kuna unyevu, usikimbilie kuirudisha motoni. Vunja pankeki moja katikati na uitazame vizuri. Rojo bichi ni jeupe, linang'aa, na linavutika kama gundi ukitenganisha vipande viwili. Ndizi iliyoiva ndani ya pankeki nayo ni laini na yenye unyevu, ila rangi yake ni ya manjano iliyofifia na haivutiki, inakatika. Wengi huunguza pankeki zilizokwisha kuiva kwa kudhani unyevu wa ndizi ni ubichi. Na vile vinukta na nyuzi nyeusi unavyoviona ni vya ndizi yenyewe, hakuna kilichoungua.

Zinakatika au kujikunja wakati wa kugeuza

Karibu kila mara umegeuza mapema. Usihesabu dakika tu, tazama juu ya pankeki. Mapovu ya kwanza hutokea ndani ya dakika moja na hayamaanishi kitu. Subiri mapovu ya pembeni yapasuke na kuacha matundu yanayobaki wazi, na ukingo upoteze mng'ao uonekane mkavu. Kwa moto mdogo hiyo ni dakika mbili na nusu hadi tatu. Upande wa pili unahitaji dakika moja na nusu tu. Geuza mara moja. Kugeuzageuza kunaifanya iwe ngumu na inakatika zaidi.

Kama umesubiri na bado zinakatika, angalia ukubwa. Pankeki pana kama sahani haigeuziki kwa mkono usiozoea. Anza na za upana wa sentimita tisa au kumi. Ingiza kijiko bapa chote chini yake kwa msukumo mmoja, kisha geuza karibu na kikaango. Hakuna haja ya kurusha.

Ukubwa ukiwa sawa na tatizo likaendelea, basi ndizi imezidi. Ndizi haina cha kuishikilia pankeki. Kazi hiyo ni ya unga na yai. Ongeza kijiko kimoja cha chakula cha unga, koroga kidogo, jaribu moja. Bado inakatika? Ongeza kingine.

Wanaopika zile za yai na ndizi bila unga wajue kwamba hizo ni dhaifu kwa asili yake. Ndizi moja ya kati kwa mayai mawili, kila moja isizidi vijiko viwili vya chakula vya mchanganyiko, moto mdogo kabisa, na ufunike. Usitarajie ziumuke. Kwa mtu ambaye mkono wake haujazoea kugeuza, si pa kuanzia, ingawa huwa zinasifiwa kuwa rahisi.

Zimekuwa nzito, au zinatafunika kama mpira

Hapa kuna makosa mawili yanayofanana kwa mbali. Pankeki inayovutika na kurudi kama mpira imekorogwa kupita kiasi. Unga wa ngano ukilowa na kukorogwa hujenga utando unaonyumbuka, uleule tunaoutafuta tunapokanda chapati. Kwenye pankeki hatuutaki. Acha kukoroga mara tu unga mkavu usipoonekana tena, hata kama kuna vidonge vidogo vya unga. Vidonge hivyo vitalowa vyenyewe rojo likitulia. Vidonge vya ndizi navyo havina ubaya. Usitumie mashine ya kusagia juisi kuchanganya kila kitu pamoja. Saga ndizi na maziwa humo ukitaka, lakini unga uingie kwa mwiko.

Angalia pia aina ya unga. Ule unaouzwa kwa ajili ya chapati na mikate una nguvu zaidi. Ukiwa ndio pekee ulio nao, toa vijiko vitatu vya chakula na badala yake tia vitatu vya unga wa mchele.

Pankeki iliyolala bapa, nzito, ndani haina vishimo vyovyote, hiyo haikuumuka. Mtuhumiwa wa kwanza ni beking pauda. Tia kijiko kimoja cha chai katika nusu kikombe cha maji ya moto. Itoe povu kwa kishindo palepale. Ikitoa viputo vichache vya uvivu, imekufa, na kuongeza kijiko cha pili hakutasaidia. Maeneo ya pwani, Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar, unyevu wa hewa huimaliza haraka mara kopo likifunguliwa. Nunua kopo dogo, funga kifuniko vizuri, na usichote kwa kijiko chenye maji.

Halafu kuna kuchanganya majina. Hamira siyo beking pauda. Hamira ni kiumbe hai kinachohitaji joto na muda, saa moja au zaidi. Ukitia hamira na kupika baada ya dakika tano, utapata pankeki bapa yenye harufu ya mkate mbichi. Kama umeshaitia na ni hamira ya chenga za haraka, usimwage: funika bakuli, weka mahali pa uvuguvugu kwa saa moja, halafu pika. Zitakuwa na ladha nyingine, lakini zitalika vizuri.

Rojo likikaa muda mrefu nalo linapoteza nguvu. Dakika kumi ni sawa, nusu saa inavumilika. Usilichanganye usiku kwa ajili ya asubuhi. Ukitaka kurahisisha asubuhi, pima vikavu usiku na uviache kwenye kopo, ndizi ipondwe asubuhi.

Zinaumuka vizuri, kisha zinanywea

Ukiwa nyanda za juu, Nairobi iliyo kama mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, au Mbeya iliyo karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi na gesi ya beking pauda hutanuka zaidi. Pankeki inapanda kwa fujo, kuta zake hazijaiva, inaanguka. Shusha beking pauda iwe kijiko kimoja na nusu cha chai, na ongeza maziwa kijiko kimoja cha chakula. Sehemu za tambarare, kunywea huku kwa kawaida ni ubichi wa katikati. Rudi kwenye maelezo ya moto hapo juu.

Ladha ya uchungu, au ya sabuni

Beking soda imezidi, au imetumika badala ya beking pauda kwa kipimo kilekile. Soda ina nguvu mara tatu hivi zaidi na inahitaji kitu kichachu cha kupambana nacho. Ndizi ina uchachu, ila ni mdogo. Kama una soda tu, badilisha maziwa yote yawe mtindi au mala, na tia nusu kijiko cha chai cha soda kwa kikombe kimoja cha mtindi. Usizidishe. Magadi ya kulainishia maharage yasikaribie kabisa.

Ukikuta uchungu kwenye vipande vichache tu, pamoja na vidoa vya kahawia, beking pauda iliingia na madonge. Ichekeche pamoja na unga.

Kosa jingine la namna hii: unga unaoumuka wenyewe, ambao kiwandani ulishatiwa kiumulishi na mara nyingi chumvi. Ukiongeza vijiko viwili vya beking pauda juu yake, pankeki zitavimba, zitachubua ulimi na kuacha ladha ya chuma. Soma pakiti.

Hazina ladha ya ndizi

Ndizi haikuiva. Ganda la manjano halitoshi. Ndizi zilizoivishwa kwa haraka ili ziwahi sokoni mara nyingi huwa njano nje, ngumu na zenye ladha ya unga ndani. Unayoitaka ina madoadoa ya kahawia, shingo yake imelegea, na ukiimenya harufu inakufikia kabla hujaikaribia. Ukiiponda kwa uma, ilegee yenyewe bila kushindana nawe.

Zikiwa bado, zifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na nyanya mbivu au parachichi bivu, kwa siku moja au mbili. Matunda hayo hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuiva. Kuzichemsha au kuzichoma hakuziivishi. Kunazilainisha tu, wanga unabaki wanga. Mzuzu, ndizi kubwa ya kupika, pia inafaa, lakini ganda lake liwe limekuwa jeusi karibu lote, na utahitaji maziwa zaidi kwa sababu wanga wake ni mwingi.

Zilizoiva kupita kiasi zihifadhi kwenye friza zikiwa zimemenywa. Zikiyeyuka zitatoa maji mengi. Usiyamwage, yana utamu wote, ila hesabu maji hayo kama sehemu ya maziwa.

Na usijaribu kupata ladha kwa kuongeza ndizi juu ya kipimo. Utapata ubichi na kukatika tulivyoeleza. Afadhali ukishamimina rojo kikaangoni, upange vipande vitatu vyembamba vya ndizi juu yake kabla ya kugeuza. Vitakaangika na kushika rangi, na ladha itasikika kuliko ya iliyopondwa.

Rojo limekuwa la kijivu

Hakuna kilichoharibika. Ndizi iliyopondwa ikikutana na hewa hubadilika rangi. Matone machache ya ndimu kwenye ndizi mara tu baada ya kuponda yanachelewesha hali hiyo.

Zinanata kwenye kikaango

Kikaango hakijapata moto, au kina mabaki ya pankeki iliyopita. Sukari ya ndizi huacha utando mwembamba wa kahawia, na pankeki inayofuata inashika hapo hapo. Kila baada ya pankeki mbili, futa kwa kitambaa safi kikavu kilichokunjwa, kisha pitisha kitambaa chenye mafuta. Kupitisha tu: mafuta yanayotembea kikaangoni yanakaanga ukingo na kuacha mabaka juu ya pankeki. Ndiyo maana pankeki ya kwanza huwa na madoa na ya tatu inatoka na rangi moja safi.

Rojo limeshakuwa jepesi na unga umeisha

Pika chapati za maji. Ongeza maji au maziwa kidogo mpaka rojo litiririke, mimina upawa mmoja, zungusha kikaango lisambae jembamba mpaka ukingoni. Geuza upande wa juu ukikauka. Zina utamu wa ndizi, zinakunjika, na hakuna atakayejua zilikusudiwa kuwa pankeki.

Mapishi yanasema pankeki, lakini hakuna maziwa wala yai

Huenda umeshika mapishi ya Uganda ya kabalagala, ambayo huko huitwa pia pankeki. Ni kitu kingine: ndizi ndogo tamu zilizoiva sana, zinakandwa na unga wa muhogo mpaka donge lisinate mkononi, linasukumwa, linakatwa viduara na kukaangwa kwenye mafuta mengi. Ukitia unga wa ngano na kulimimina kama rojo, utakwama. Zikipasuka mafutani, unga umezidi au hukukanda vya kutosha. Zikinywa mafuta, mafuta hayajapata moto. Kipande kidogo cha donge kikitupwa humo kizame, kisha kiibuke mara moja kikitoa mapovu.

Zilikuwa nzuri, zimelowa kwenye hotpoti

Mvuke. Pankeki iliyotoka motoni bado inapumua, na ukiirundika moto moto ndani ya hotpoti, maji yanarudi juu yake. Zitandaze kwanza kwenye wavu au ungo kwa dakika mbili, ziachie mvuke. Kisha zipange ndani ya hotpoti juu ya kitambaa safi, na kitambaa kingine chini ya kifuniko.

Zilizobaki zikae kwenye friji siku mbili, zikiwa zimefunikwa. Kuzipasha, tumia kikaango kikavu, moto mdogo, dakika moja kila upande, bila kuongeza mafuta.